Ukurasa wa Kawaida

Dukani kwangu Namanga, ubavuni mwa muuza chipsi,
kuna kompyuta moja, printa yenye kikohozi,
na Kiingereza ninachokiuza kwa ukurasa:
mia tano wa kawaida, elfu moja wenye sifa.

Wenye sifa ndio unaonilipia pango.
Kijana aliyefukuzwa ghalani Vingunguti
hutoka kwangu mchapakazi asiye kifani,
ari yake haizimiki, uadilifu wake ni wa kupigiwa mfano.
Mtendaji wa mtaa huandikiwa ofisi yake tukufu,
ile yenye kiti cha miguu mitatu na feni iliyosusa.
Kwa Kiswahili nisingethubutu,
mama angecheka mpaka kanga imdondoke.
Ila Kiingereza cha kuandika ni suti ya kukodi:
nani atauliza kama mabega ni yako?

Jumanne moja akaja Zamoyoni,
bahasha ya kaki kwapani, vidole vimekunjamana kwa sabuni.
Miaka kumi na mmoja kwa bwana mmoja wa Masaki
ambaye juzi alifunga masanduku, akarudi kwao.
"Kaniachia hii. Itie plastiki isilowe.
Lakini kwanza nisomee."

Mashine ilikuwa bado inapata moto. Nikasoma:
Zamani ni hazina isiyo na bei.
"Zamani ipi?"
Ni wewe huyo, nikamwonesha.
Akazitazama zile herufi
kama anayemwona mtoto wa jirani
kavaa nguo za mwanawe.
"Haya, endelea."

Sina maneno ya kutosha kumwelezea,
kisha maneno yakaja, mistari kumi na tisa.
Malaika wa jiko letu. Nguzo ya nyumba.
Wali wake ulitufundisha maana ya furaha.
Hakuwa mfanyakazi kamwe, alikuwa damu yetu.
Kila neno nililoligeuza likaingia Kiswahili
lilinywea kama mchicha sufuriani,
au lilinikazia macho, nikaona haya mimi.

"Alikuwa akisema 'Chai,'" Zamoyoni akasema.
"Miaka yote hiyo. 'Chai.'
Siku za wageni, 'Chai nyingi.'"
Akanyamaza. Nje yai lilipasuka kwenye kikaango.
"Humo ndani hamna Aprili na Mei?"
Nikapekua. Milele ilikuwemo. Daima ilikuwemo, mara mbili.
Aprili haikuwemo.

"Basi mwandikie. Anwani yake ninayo."
Nikanyoosha vidole, maana hii ndiyo kazi yangu.
Nikaanza na heshima zangu zisizo na kipimo,
nikapitia ukarimu wake uliotukuka,
nikawa nashuka taratibu kwenye unyenyekevu wa dhati
alipogonga kioo kwa ukucha.
"Mbona refu hivyo? Mimi nimesema nini?"
"Umesema unamdai laki tatu na ishirini."
"Na hapo pameandikwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikabonyeza kufuta,
nikashikilia,
sifa zikarudi kinyumenyume,
ule utukufu, ule ukarimu,
mwisho hata mpendwa,
kikabaki kimstari kinapepesa kwenye weupe.

Tukaandika: Aprili, Mei. Laki tatu na ishirini.
Namba ya simu.
Halafu jina. Nililiendea polepole,
Za, mo, yo, ni,
naye akihesabu kwa kidole juu ya kioo
mpaka akaridhika kwamba wamefika wote wanne.

Ile nyingine ikapita kwenye mashine,
ikatoka inang'aa, ngumu kama sinia.
Akauliza bei ya kuandika.
"Mia tano," nikasema. "Ni ukurasa wa kawaida."
Akatoa noti ya elfu kumi, sikuwa na chenji,
ikabidi nikimbie kwa muuza chipsi.

Niliporudi umeme ulikuwa umekatika,
joto limejaa duka zima.
Alikuwa amekaa kwenye stuli yangu, viatu kavua,
hazina isiyo na bei mkononi,
anajipepea.